Kulala Chini ya Nyiragongo

Ukitoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya Rutshuru unauacha uwanja wa ndege, unapita Kanyaruchinya, na baada ya kilomita kama 12 kutoka katikati ya mji unafika Kibati. Nyumba ni za mbao, mabati yake yamepauka, na mawe meusi ya lava yamepangwa kuwa ua wa kila kaya. Chukudu, zile skuta za mbao, zinateremka zimesheheni viazi na kabichi za Kibumba, mwendeshaji ameegemea mbele, goti moja juu ya ubao, na kipande cha raba ya tairi ndiyo breki yake. Kando ya barabara hiyo ndipo kilipo kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na nyuma ya kituo ndipo inapoanzia njia ya kupanda mlima Nyiragongo.

Kwa miaka mingi wageni walishuka garini hapo, wakaandikisha majina, wakakabidhi mizigo kwa wapagazi na kuanza kupanda. Walikuwa wamekwishalipia usiku mmoja kileleni. Wengi wao, ukiwasikiliza, walijua bei ya kibali kuliko walivyojua mahali watakapolaza ubavu.

Leo njia hiyo haina wageni. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mtu mwenye busara hapangi likizo Kibati wakati huu. Naandika hata hivyo, kwa sababu milango ya Virunga imefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu hifadhi hii ilipoanzishwa mwaka 1925, ya kwanza kuitwa hifadhi ya taifa barani Afrika. Ilifungwa Juni 2018 ikafunguliwa Februari 2019. Ilifungwa tena Machi 2020 kwa ajili ya korona. Itakapofunguliwa safari nyingine, maswali ya mgeni yatakuwa yaleyale, na ni vizuri yaulizwe vema.

Kwa maoni yangu, mgeni wa Virunga huanza kuuliza kutoka mwisho. Anauliza godoro likoje, maji ya moto yapo, simu inashika. Katika nchi hii ya volkano na vita, usingizi mzuri unaamuliwa kwanza na ardhi ambayo kitanda kimewekwa juu yake, halafu barabara ya kukifikia, halafu hewa na maji. Shuka huja baadaye kabisa.

Tuanze kileleni, maana ndiko Kibati ilikopeleka watu wengi zaidi. Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470. Kituo cha Kibati kiko karibu mita 2,000, na mji wa Goma kiasi cha mita 1,500. Njia yenyewe ni kilomita nane hivi, saa nne hadi sita za kutembea. Inaanza na msitu, kisha inakanyaga lava ya mwaka 2002, mawe mepesi yanayobingirika chini ya kiatu, inapita karibu na Shaheru, kreta ya zamani iliyo ubavuni mwa mlima, halafu inaingia kwenye vichaka vya baridi. Kipande cha mwisho ni kifupi na kikali, na hapo ndipo mtu aliyejisifu Goma hunyamaza.

Juu kuna vibanda 12, kila kimoja cha watu wawili, kwa hiyo mlima huo ulipokea wageni 24 kwa usiku. Vimejengwa upande wa nje wa ukingo wa kreta, paa limeshuka pande zote mbili hadi karibu na ardhi ili upepo uteleze juu yake. Ndani kuna magodoro na nafasi ya kuvulia viatu, basi. Hakuna bomba, hakuna kijito. Kila tone la maji linalonywewa kule limepanda mgongoni mwa mtu kutoka chini, pamoja na chakula, makaa ya kupikia na mfuko wa kulalia. Choo kiko chini kidogo ya vibanda, kwenye mteremko wa mawe, na kukifikia usiku wa manane kunataka tochi na miguu yenye nguvu.

Hatua chache juu ya vibanda ni ukingo wa shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake lilikuwamo ziwa la lava lililosifika kuwa kubwa kuliko yote duniani. Mtu anakaa pale usiku, uso unapata joto na mgongo unaganda. Sijui malazi mengine Afrika Mashariki na Kati yanayompa mgeni kitu cha namna hiyo kwa godoro la sponji na paa la bati. Nasema hivyo ili nisieleweke vibaya: kibanda kile ni malazi mazuri. Ila ni mazuri kwa mtu aliyejua anakwenda wapi.

Kujua kunaanza na baridi. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000. Goma jioni unakaa nje na shati. Kileleni, mita karibu 2,000 juu yake, usiku uleule ni wa kukaribia kuganda maji, na upepo unaongeza makali. Anayefika juu amelowa jasho na mvua, akaingia kwenye mfuko wa kulalia na nguo zilezile, hatapata usingizi hata godoro lingekuwa la manyoya. Nguo kavu zilizofungwa ndani ya plastiki, soksi za sufu na kofia ya kufunika masikio zina thamani kuliko chochote unachoweza kukodi Kibati. Na kuna jambo moja ambalo nalisema kwa msisitizo kwa sababu linaua watu katika vyumba vya baridi kila mahali: usiingize mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya kibanda ukafunga mlango. Gesi ya makaa yaliyokwisha kushika moto haionekani wala hainuki, na mtu anayeivuta hulala asiamke. Jiko linabaki nje, hata kama wenzako wanatetemeka.

Ardhi yenyewe ni habari nyingine. Ziwa la lava lilikauka ghafla tarehe 10 Januari 1977, mlima ulipopasuka ubavuni na lava nyepesi kama uji ikateremka kwa kasi ambayo watu wa vijiji vya chini hawakuweza kuikimbia. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka kutoka Shaheru kuelekea mjini, lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena, bila onyo, lava ikaikata barabara ya Rutshuru upande wa Kibati na kusimama karibu na uwanja wa ndege, pale Buhene. Mara zote tatu moto ulitoka ubavuni. Anayedhani hatari iko kileleni kwenye vibanda, na kwamba kulala Kibati ni kulala salama, hajaisoma historia ya mlima huu.

Goma kuna Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986. Kinatumia rangi nne kutangaza hali ya mlima: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Mji umezoea kuishi na manjano. Mgeni anapaswa kuuliza rangi ya siku hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, na mwenyeji wake anayechekelea swali hilo hafai kuwa mwenyeji. Aulize pia swali ambalo wakazi walijiuliza Mei 2021 wakiwa na watoto mgongoni: nikiamshwa usiku, natoka kwa njia ipi, ya Gisenyi upande wa Rwanda au ya Sake upande wa magharibi?

Hewa nayo ina yake. Magharibi mwa Goma, Bulengo na kandokando ya Lac Vert, kuna mabonde madogo ambayo wenyeji wanayaita mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inatuama kwenye mashimo, hasa alfajiri na usiku upepo unapotulia. Mbuzi na mbwa, ambao pua zao ziko karibu na ardhi, ndio hufa kwanza. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita asihisi kitu. Akilala palepale, hali ni tofauti kabisa. Kwa hiyo anayetaka kupiga hema katika eneo hili asichague shimo lenye majani mazuri na kivuli, hata liwe limekingwa na upepo namna gani. Hema linapigwa juu, penye upepo, na mahali hapo panaulizwa kwa mwenye shamba. Mama anayelima pale anajua kila shimo lililomuulia kuku.

Maji ya Kibati yanahitaji maelezo, kwa sababu mgeni anaona mvua kila mara na kudhani maji hayana shida. Lava inameza mvua. Hakuna mto unaotiririka juu ya mawe haya, hivyo wilaya nzima ya Nyiragongo inategemea maji ya mapaa, matangi, na bidoni za njano zinazobebwa na wanawake na watoto umbali mrefu. Moshi wa volkano unachanganyika na mvua hiyo, unakula mabati na kuacha fluoridi kwenye maji. Ndiyo maana watoto wa vijiji vilivyo chini ya upepo wa mlima wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Nyumba ya wageni inayojisifia maji mengi katika eneo hili inapaswa kueleza yanatoka wapi. Kama yanaletwa na lori, sawa. Kama ni ya paa, mgeni aoge nayo na anunue ya kunywa. Kama yanabebwa na mtoto wa jirani anayepaswa kuwa darasani, naona ni haki ya mgeni kujua, na kuoga kwa ndoo moja.

Kaskazini ya Kibati ndiko yalikokuwa malazi ya starehe hasa. Rumangabo, kilomita zipatazo 45 kutoka Goma, ndiyo makao makuu ya hifadhi, na humo msituni ilijengwa Mikeno Lodge: nyumba ndogo 12 za mawe ya volkano, kila moja na meko ya kuota moto, baraza inayotazama miti na kima wanaopita bila kuomba ruhusa. Jirani yake ni Kituo cha Senkwekwe, kilicholea sokwe yatima wa milimani. Kilipewa jina la dume aliyeuawa Julai 2007 pamoja na jamaa zake wa familia ya Rugendo, mauaji yaliyohusishwa na biashara haramu ya makaa ya misitu ya hifadhi. Ndakasi, mtoto aliyeokolewa mwaka huohuo akiwa na umri wa miezi miwili, alifia hapo Septemba 2021 mikononi mwa mlezi wake André Bauma. Nakumbusha habari hizi kwa makusudi. Makaa yanayochoma nyama ya mgeni hotelini yana mahali yalikotoka, na swali la mahali hapo ni sehemu ya kuchagua malazi katika Virunga kama lilivyo swali la chandarua.

Bukima, chini ya mlima Mikeno wenye mita 4,437, palikuwa na mahema makubwa yenye kitanda, bafu na choo ndani, kwa ajili ya wanaokwenda kuona sokwe asubuhi. Kibumba palikuwa na kambi kama hiyo. Zote hizo ni sehemu za kupendeza mno, na zote zina ugumu mmoja: barabara. Kwenye barabara hii ya Rutshuru mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi tarehe 15 Aprili 2014 akirudi Rumangabo, akapona. Tarehe 11 Mei 2018, kaskazini ya Goma, gari la watalii lilivamiwa. Waingereza wawili na dereva wao walitekwa, wakaachiliwa baadaye, na mlinzi Rachel Masika Baraka, msichana wa miaka 25, aliuawa akiwalinda. Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa upande wa Kibumba pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha katika historia ya Virunga. Aliyelala vizuri Mikeno Lodge alilala kwa ulinzi wa watu hao, na ingefaa ajue jina la walau mmoja wao.

Ndiyo maana, ningeulizwa na mtu mwenye familia na siku chache, ningemwelekeza ziwani. Tchegera ni kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mwandamo, ukingo wa kreta iliyozama ndani ya Ziwa Kivu. Hifadhi iliweka mahema pale, na mgeni alifikishwa kwa mashua kutoka Goma, bila kukanyaga barabara ya kaskazini. Usiku, mbingu ikiwa safi, wekundu wa Nyiragongo na wa volkano jirani ya Nyamulagira ulionekana kutoka barazani. Mezani palikuwa na sambaza waliovuliwa ziwani humo. Ni mlima uleule, umetazamwa kutoka mbali, na mtoto wa miaka sita anaweza kuufurahia bila kupanda.

Wapo watakaosema starehe ya kweli iko ng'ambo, Kinigi huko Rwanda au Kisoro upande wa Uganda. Sikatai kwamba huko kuna amani na vitanda vizuri. Kuna pia bei: kibali cha kuona sokwe Rwanda ni dola 1,500 tangu mwaka 2017, wakati Virunga ilikuwa ikitoza dola 400. Lakini Kisoro ina historia inayotugusa sisi. Mwaka 1967 mtafiti wa sokwe Dian Fossey alianza kazi yake upande wa Kongo, pale Kabara, kwenye uwanda chini ya Mikeno alikozikwa Mmarekani Carl Akeley, mtafiti wa wanyama, mwaka 1926. Fossey alilala hemani, kwenye baridi na matope, na aliridhika. Julai mwaka huo vurugu za kijeshi zilimfikia. Aliteremshwa hadi Rumangabo akashikiliwa huko, kisha akafanikiwa kuvuka mpaka. Alikokimbilia ni Travellers Rest, hoteli ndogo ya Kisoro iliyokuwa ya Mjerumani Walter Baumgärtel, mahali alipokuwa akirudi mara kwa mara kupumzika. Hema la Kabara lilikuwa karibu zaidi na sokwe. Hoteli ya Kisoro ilikuwa na mwenye nyumba aliyemjua, na mlango uliofunguka siku ya shida. Mimi nikichagua pa kulala katika ukanda huu natazama kwanza uso wa mwenye nyumba kabla ya kutazama chumba.

Kuna mahema mengine ya Kibati ambayo siwezi kuyaruka. Mwaka 2008, vita vya waasi wa CNDP viliposhuka kutoka Rutshuru, makumi ya maelfu ya watu walipanga vibanda vya matete na turubai hapahapa, kando ya barabara, juu ya mawe. Kambi hizo zilikuwa karibu mno na mstari wa mapigano, na ikabidi watu waanze kuhamishiwa kambi za Mugunga. Agosti 2013 vilima vya Kibati vilikuwa uwanja wa vita kati ya M23 na jeshi la Kongo likisaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Wasomaji wa Tanzania watamkumbuka Meja Khatibu Mshindo aliyefia huko. Mwishoni mwa 2022 Kanyaruchinya ikajaa wakimbizi tena, na mapema 2025 watu wakaambiwa waondoke kambini, warudi vijijini ambako wengi hawakukuta nyumba. Turubai moja, familia nzima, mawe ya lava chini ya mkeka. Barabara ni ileile iliyopeleka wageni Bukima kwenye mahema yenye maji ya moto.

Sisemi mgeni aone haya kwa kulala vizuri. Nasema fedha ya usiku ule mmoja ilipaswa kubaki Kibati zaidi kuliko ilivyobaki. Mpagazi aliyebeba kilo 15 hadi ukingo wa kreta alilala juu kwenye baridi ileile, kisha akateremka kurudi kwenye nyumba isiyo na tangi la maji. Mpishi, mwenye duka la kukodisha makoti, mama wa mahindi ya kuchoma pale kituoni, wote walipata siku ya kazi kila wageni walipokuja, na wote walikaa bila kitu kila milango ilipofungwa. Nyumba za wageni zenyewe zilikuwa Goma au Rumangabo. Mgeni alifika Kibati saa nne asubuhi, akapanda, kesho yake akateremka na kuondoka kabla ya chakula cha mchana.

Milango itakapofunguliwa ningependa kuona nyumba tatu au nne za kulala wageni Kibati, za watu wa Kibati, mbali na njia ilimopita lava ya 2021. Mawe ya kujengea yamejaa, mafundi wa mbao wapo, na nyaya zinazoleta Goma umeme wa maji wa Matebe kutoka Rutshuru zinafuata barabara hiyohiyo. Kinachokosekana ni tangi kubwa lenye chujio, mkopo usiomnyonga mjenzi, na hifadhi kukubali kuandika kwenye kibali kwamba usiku wa kwanza ni wa kulala kijijini, ili mwili uzoee mwinuko kabla ya kupanda. Chakula kiwe viazi vya Kibumba, maharage na sombe, yaani kisamvu, na jibini la Masisi kwa anayetaka. Blanketi mbili kwa kila kitanda.